Dada wa kazi kaondoka na funguo, kadi ya kliniki na simu yenye video za mwanangu. Wiki ya tano napigwa kalenda

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Wiki ya tano leo nadai vitu vya nyumba yangu kwa dada aliyekuwa ananilelea mtoto. Yeye ananipiga kalenda, wakala aliyemleta ananiambia hayo ni mambo yenu ya ndani, na ndugu zangu badala ya kunisaidia wananisema mimi.

Tuliachana vizuri. Hilo nalitanguliza maana najua swali la kwanza humu litakuwa "ulimfanyia nini?" Amekaa kwangu mwaka mmoja na miezi miwili. Mtoto alipokaribia kuanza kupelekwa kituo cha kulelea watoto, nilimwambia dada mwezi mzima kabla. Nikamlipa mwezi wake wote, nikamlipa na siku za likizo ambazo hakuzichukua, nikamwongezea cha mkono kwa moyo wangu. Siku ya kuondoka alilia, mimi nikalia, mtoto akatuona akalia pia. Begi lake sikulipekua. Sijawahi kupekua begi la mtu, nisingeanzia kwa huyo.

Nilipomwuliza funguo, akasema zimo kwenye mzigo uliotangulia na ndugu yake. "Mama, Jumapili nakuletea vyote." Jumapili ikapita. Ya pili akaniandikia: "Shikamoo mama, naomba nauli ya kwenda na kurudi." Nikatuma. Hakuja. Ya tatu shikamoo tena, nauli tena, eti ile ya kwanza aliuguzia mgonjwa. Nikatuma tena, jamani! Ya nne simu inaita mpaka inakata.

Funguo ni mbili, wa geti na wa mlango wa nyuma. Simtuhumu kwamba atakuja kuniibia. Lakini ufunguo ukishakuwa nje hujui umelala kwa nani, na kuuchongesha mwingine ni kazi ya dakika chache. Wiki tatu nimelala na kiti nimekiegemeza kwenye mlango wa nyuma, kikijisogeza kidogo nimeshakaa kitandani. Alhamisi nikaita fundi. Nimesimama pale namwangalia aking'oa vitasa viwili vizima, havina kosa lolote, na pesa inanitoka kwa kitu ambacho mtu angenirudishia kwa kunyoosha mkono.

Kadi ya kliniki ndiyo iliyonifanya nipige kelele peke yangu garini. Kituo wanataka kuona chanjo zote kabla hawajampokea mtoto. Nimerudi kliniki, mhudumu kafunua daftari moja baada ya jingine, chanjo mbili tarehe zake hazisomeki vizuri. Na ile chati ya uzito, vile vidoti vya kila mwezi tangu mtoto ana wiki sita, haiandikwi upya. Kadi hiyo dada ina faida gani kwake? Hawezi kuiuza, hawezi kuitumia. Ilikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wa mtoto, na mkoba nao ameondoka nao.

Sasa simu. Hapa naomba mnisome taratibu.

Simu nilinunua mimi, ikae nyumbani, ili nikiwa kazini niweze kumpigia dada na kumwona mtoto. Akaunti ni yangu, boksi ninalo, IMEI yake, ile namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, ipo ubavuni mwa boksi. Mtoto alipiga hatua zake za kwanza mimi nikiwa kazini. Dada ndiye aliyemrekodi. Nilipofika mlangoni jioni alinipokea na simu mkononi, "Mama njoo uone, njoo uone," tukaiangalia tukiwa tumesimama, mimi na viatu vyangu bado. Mtoto anaachia stuli ya bluu, anayumba, hatua nne, anakaa chini, na sauti ya dada nyuma inacheka. Video hiyo nimeiona siku hiyo tu. Nikasema nitaihamisha wikiendi. Wikiendi ngapi zimepita! Na ile sehemu ya kuhifadhi picha mtandaoni niliizima kwa mkono wangu ili bando lisiishe.

Akaunti kwa kuwa ni yangu, naweza kuifuta simu yote kutoka hapa nilipo, ikishika tu mtandao. Mara mbili kidole kimefika kwenye kitufe. Lakini nikiifuta, video nazo zinafutika. Kwa hiyo nimekaa na dawa ambayo ikimgusa yeye inaniua mimi.

Nilipomwuliza kuhusu simu, akajibu: "Mama si ulinipa?" Nilimkabidhi kwa kazi, nikamwambia "hii itakuwa yako ya hapa nyumbani." Nimeyarudia maneno hayo kichwani usiku na mchana, na kweli mtu anaweza kuyasikia vingine. Polisi niliokwenda kuwaona waliniuliza kama kuna maandishi ya makabidhiano. Sina. Wakaniambia nikamalizane naye kwanza.

Kwa mnaotaka kuniambia kama ndugu zangu kwamba ningezuia mshahara, au ningebaki na kitambulisho chake mpaka vitu virudi: msiniambie hilo. Mshahara ni jasho lake, alishaufanyia kazi. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, haumruhusu mwajiri kukata mshahara anavyojisikia, ila kwa yale yaliyoruhusiwa na sheria za nchi, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Na Mkataba Na. 189 wa mwaka 2011, huu wa wafanyakazi wa nyumbani, kifungu cha 9 kinasema mfanyakazi ana haki ya kukaa na hati zake mwenyewe. Nchi yako iwe imeuridhia au haijauridhia, kushikilia kitambulisho cha binti wa watu ni kumfunga kamba. Mimi nadai changu bila kushika chake.

Nilipokosea ni pengine, na ni katika mkataba huohuo. Kifungu cha 7 kinataka mfanyakazi aelezwe masharti ya kazi kwa namna anayoielewa, ikiwezekana kwa maandishi, pamoja na masharti ya kuachana. Sisi tulipatana kwa mdomo, tumekaa kwenye kochi. Karatasi moja ingeandika "simu ni ya nyumba, funguo mbili, mkoba mmoja," saini yake na yangu, leo nisingeulizwa "si ulinipa?"

Aliyenichefua kuliko wote ni wakala. Alichukua ada yake yote siku ya kwanza, kwa maneno yake mwenyewe, "sisi wasichana wetu tunawadhamini." Fomu anayo, ina jina na namba ya ndugu wa dada. Nimemwomba jambo moja tu, ampigie huyo ndugu simu, asinipe hata namba kama anaona ni siri. Kakataa. Mkataba ukiisha, anasema, wao hawahusiki. Halafu dakika hiyohiyo akaniuliza kama nataka aniletee mwingine, atanipunguzia ada. Nilikata simu nisije nikatukana.

Huyu dada mwanangu bado anamwita. Asubuhi anakwenda kwenye mlango wa chumba chake anagonga kwa kiganja. Simchukii, na ndiyo maana inaniuma zaidi. Angekuwa mtu mbaya toka mwanzo ningeshamaliza.

Jana usiku nimemwandikia mara ya mwisho. Nimemwambia: dada, simu baki nayo, ni yako, sikudai tena, na mkoba pia uchukue. Kadi mpe dereva yeyote, nitalipa mimi akifika. Video washa tu kitufe cha kuhifadhi picha, zitakuja zenyewe kwenye akaunti yangu, nikishazipata naitoa akaunti na simu inakuwa yako moja kwa moja. Nikampigia picha ya kioo kwenye simu yangu, nikachora mshale mwekundu pale pa kubonyeza, nikamtumia na bando la kutosha.

Tiki zimegeuka bluu saa tatu na dakika kumi usiku. Nimeamka mara nne kuangalia akaunti. Mpaka naandika hapa hakuna kilichoingia.

Kama kuna aliyewahi kumbana wakala mpaka akampigia ndugu aliyeandikwa kwenye fomu, aniambie alianzia wapi.