MJADALA: Ukara tubomoe kuta za mawe za wazee ili tujenge mabanda ya ng'ombe wa maziwa?

Wakuu habari za mihangaiko. Kuna ubishi unaendelea kule kwetu Ukara, na hapa Mwanza mjini tukikutana wenyeji wa kule ni huo huo tu, nimeona niulete kila mtu amwage hoja zake.

Iko hivi. Vijana wanataka kufuga kisasa, banda la zege, hori, bati juu, chotara wanne watano. Sasa saruji na nondo zinavuka maji mara mbili, Mwanza mpaka Nansio halafu Bugolora mpaka Bwisya, zikifika bei imeshachangamka, kwahiyo mtu anatafuta pa kuokoa hela na jicho linaangukia kwenye mawe. Na mawe yapo, tena yameshapangwa, kwenye zile kuta za mashamba ya mteremkoni. Unabomoa, makubwa yanaingia kwenye msingi, mengine yanagongwa kokoto. Wazee wamekuja juu, vijana wanasema mawe yako shambani kwao wasipangiwe.

Kwa wasioijua Ukara, ni kisiwa kidogo kaskazini mwa Ukerewe, kama kilomita za mraba 80 hivi, na watu wamebanana tangu zamani. Ndo maana Wakara walifuga ndani kabla haijawa semina ya mradi. Ng'ombe anakaa kwenye shimo humo humo kwenye nyumba ya familia, analetewa majani, samadi na mkojo na mabaki ya majani vinajazana chini yake mpaka vinamwinua, vikijaa vinatolewa vinabebwa kichwani kwenda shamba. Uwele unapandwa na marejea, mmea wa jamii ya kunde wa kurutubisha udongo, uwele ukivunwa marejea yanabaki yanafukiwa kuwa mbolea. Hata mti una mwenyewe kule, usije ukakata tawi hovyo.

Msimamo wangu: mabanda yajengwe, hata kesho. Chotara wa maziwa ukimweka kwenye shimo la samadi, kiwele kimelala kwenye unyevu usiku kucha, umekaribisha ugonjwa wa kiwele mwenyewe. Na wale wa "ni urithi wetu, watalii watakuja" nao siko nao, mtalii haleti majani ya ng'ombe.

Hoja yangu ni majani. Ng'ombe wa kilo 400 anakula kama kilo 40 za majani mabichi kwa siku. Wanne ni kilo 160, kila siku, Krismasi imo na msiba umo. Utayatoa wapi? Zamani kulikuwa na mashimo kando ya ziwa wanapanda majani, lakini ziwa lenyewe mmeliona 2020 lilivyopanda likavunja rekodi, na 2024 likarudia. Kilichobaki cha uhakika ni mabingobingo (majani ya tembo) ya kwenye kingo za mashamba, na kingo hizo zimeshikwa na nini? Na ukuta. Ukiubomoa mwezi wa pili, masika ikija udongo unashuka na samadi yako uliyobeba kichwani mwaka mzima, inakwenda kurutubisha ziwa. Nimeona shamba moja walitoa mawe kama hatua kumi tu katikati ya ukuta, mvua ikachimba mfereji unaozama goti, njugu mawe ziko nje mizizi juu.

Halafu mtu anakwambia nitarudishia ukuta mwembamba wa zege. Hizi kuta hazina saruji hata chembe na ndo akili yake ilipo. Jiwe kubwa linakaa chini, limeegemea kidogo kuelekea mlimani, mapengo yanajazwa vijiwe, maji yanapenya udongo unabaki. Zege usipoliachia matundu maji yanajikusanya nyuma yake yanalisukuma mpaka linalala kwenye muhogo wa jirani. Na hapo ndo "shamba langu" inapoishia, maana ukuta ni wako ila ukianguka anafukiwa wa chini.

Kuna na sheria. Sheria ya Mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ziwani, kwahiyo ufukweni banda hujengi, unapanda mteremkoni, ambako ndo kuna kuta. Mimi nasema banda likae juu ya mwamba. Miamba tunayo kibao, haioti kitu, na ng'ombe hahitaji rutuba chini ya kwato. Mawe yapasuliwe hapo hapo, choma moto gonga, kama wanavyofanya hapa mjini. Udongo tuuachie majani.

Nawasilisha, povu ruksa.

Kokoto Tupu: Mkuu umeandika vizuri ila unaandika ukiwa mjini. Jiwe likianguka nani analirudishia? Mzee wangu mgongo umeisha, vijana wenzangu wako kwenye dagaa na wengine Geita kwenye dhahabu. Na nikuulize, Wakara waliohamia Sengerema na Geita, walivyopata ardhi ya kutosha nani alijenga ukuta? Nani alichimba shimo la ng'ombe ndani ya nyumba? Waliacha vyote. Ilikuwa shida ile sio mapenzi, sasa mtu anataka ada ya mtoto itoke kwenye maziwa unamwambia akapasue mwamba kwa moto wakati mawe yako hapa yamelala. Hizo kuni za kuchomea jiwe ni za nani kama kila mti una mwenyewe?

Sangara Mkavu: Mkimaliza kuta hamieni kwenye lile jiwe maarufu la Ukara linalocheza, nalo si lina kokoto 😂

Mama Ndama: Naona wanaume mnabishana mawe, wanaobeba ni sisi. Kaka umeweka banda juu kwenye mwamba, haya, maji nani anayapandisha? Ng'ombe wa maziwa anakunywa lita 60 na zaidi, hiyo ni madumu matatu ya lita 20 kwa mmoja tu, kupanda mlima, na majani kichwani. Halafu hamjazungumzia mkojo. Kwenye shimo majani yalikuwa yanaunyonya unakwenda shamba, kwenye zege unapiga maji unatelezea mtaroni. Jirani yangu kajenga banda zuri kweli, mtaro wake unaishia njiani tunapopita na watoto. Banda bila shimo la mbolea lenye paa mi silitaki, liwe la mawe ya wazee au ya dukani.

Mleta mada: @Kokoto Tupu hoja ya Geita naikubali kabisa ila inakurudia mwenyewe. Kule waliacha kwa sababu ardhi ilikuwepo. Ukara ardhi imeongezeka lini? Kuni hapo umenibana, nyundo na patasi basi, ni taratibu lakini jiwe linapasuka. Na ukuta ambao umeshaanguka na hakuna wa kuurudishia, mawe yake chukua, ila umalizane kwanza na jirani wa chini mbele ya serikali ya kijiji.

Dada Mama Ndama, shimo la mbolea naliweka kwenye ramani kabla ya hori. Maji ndo pagumu. Paa la mita za mraba 50 kila milimita moja ya mvua inakupa lita 50, kwahiyo masika tenki linajaa. Ila tenki la lita 10,000 kwa ng'ombe wanne ni siku 40 na kidogo, na kiangazi cha kuanzia mwezi wa sita kinazidi hapo. Wawili wanafika siku 80 na kitu. Kwahiyo anayeniuliza nianze na wangapi, namwambia wawili, hata kama hela ya wanne anayo.

Kokoto Tupu: Wawili sawa. Tenki la lita 10,000 linavukaje Bugolora?