MREJESHO: Nilimpeleka bi mkubwa Vatican, ushauri wenu umefanya kazi

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza nimpeleke bi mkubwa (mama yangu) Basilika la Mt. Petro saa ngapi ili asisimame juani, wengi mkasema alfajiri. Aisee mlikuwa sahihi. Jumanne saa 1 asubuhi tupo uwanjani, ukaguzi dakika kama 15 hivi, tunatoka saa 4 foleni imezunguka zile nguzo za uwanja mpaka nikacheka peke yangu. Jumatano niliikwepa sababu ya katekesi ya Papa, watu wanajaa uwanjani. Nje kuna jamaa akataka kutuuzia tiketi wakati kuingia ni bure, nikampotezea.

Sasa kasheshe, kaptula yangu (najua, mlinionya) ikanirudisha mlangoni, ikabidi bi mkubwa atoe kitenge cha WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) kwenye mkoba anifunge kiunoni mbele za watu, ndo nikapita. Kupanda kwenye kuba, lile paa la duara la basilika, lifti inapunguza ngazi 231 ila zinabaki 320, akasema magoti yake hayana ugomvi na mtu, nikapanda mwenyewe na kitenge changu, nashuka namkuta bado yuko pale kwenye kioo cha Pietà (sanamu ya Bikira Maria amempakata Yesu) na rozari mkononi.