Mjadala: Ada ya taka San Diego, je, wananchi waliikubali bei au waliikubali ada tu?

Mwanzisha mada

Wakuu, mada ni ada ya kuzoa taka San Diego, California. Humu kuna wenye nyumba kule na kuna wapangaji, na maslahi yao hayafanani, kwa hiyo mjadala utakuwa mzuri. Sibishani kama taka zilipiwe. Zilipiwe. Ninachohoji ni kama wananchi waliwahi kuulizwa bei.

Kwa ambao hawakufuatilia: tangu 1919 jiji lile lina sheria ndogo iliyopitishwa kwa kura ya wananchi kuhusu uzoaji wa taka. Mwaka 1986 ikarekebishwa, tena kwa kura, jiji likakatazwa kuwatoza ada wenye nyumba za kawaida. Gharama ikabebwa na mfuko mkuu wa jiji. Novemba 2022 ikaja hoja ya kura iitwayo Measure B kuondoa katazo hilo, ikapita kwa asilimia 50 na ushee. Wapiga kura walikuwa wameelezwa makadirio ya ofisi ya mchambuzi huru wa bajeti: dola 23 hadi 29 kwa mwezi. Juni 2025 baraza la jiji likapitisha, kura 6 kwa 3, dola 43.60 kwa mwezi kwa nyumba inayochukua mapipa makubwa ya galoni 95. Hiyo ni 523.20 kwa mwaka wa kwanza, na viwango vya miaka inayofuata vinapanda.

Kura ya 2022 ilipita kwa uzi. Ningependa kumwona anayeweza kusema kwa uhakika kwamba ingepita kama karatasi ya kura ingeandikwa 43.60.

Mizani

Mkuu, umeanza hadithi katikati. Chini ya utaratibu wa zamani, mwenye nyumba ya familia moja alizolewa taka bure, huku majengo mengi ya ghorofa za kupangisha yakilazimika kuajiri kampuni binafsi. Gharama ya kampuni hiyo iko ndani ya pango la mpangaji. Halafu mpangaji huyo huyo, akinunua kitu dukani, sehemu ya kodi ya mauzo inaingia mfuko mkuu uleule uliokuwa unalipia taka za mwenye nyumba. Yaani analipa mara mbili, mwenzake hata mara moja halipi kwa jina la taka.

Na hiyo ya 1919 isitajwe kama agano takatifu. Hasira ya watu wakati ule ilikuwa kwamba mkandarasi analipwa kuzoa, kisha anawauzia wafugaji wa nguruwe mabaki ya chakula na faida anatia mfukoni. Tatizo hilo halipo leo. Kilichobaki ni ruzuku kwa wenye nyumba.

Mwanzisha mada

Hilo la ruzuku nakubaliana nawe. Lakini haki ya ada na uhalali wa bei ni vitu viwili. Usinijibu cha pili kwa cha kwanza.

Dada Hesabu

Nichambue hiyo tofauti ya bei, maana watu wanasema "walidanganywa" bila kuivunja vipande.

Makadirio ya 2022 yalichukulia wateja karibu 285,000. Uchambuzi wa gharama ulipofanyika, wanaostahili huduma wakaonekana kuwa takriban 230,000. Ukichukulia gharama ni ileile, kugawa kwa watu wachache kunapandisha bei kwa takriban asilimia 24. Chukua kiwango cha juu cha makadirio, dola 29, zidisha kwa 1.24: unapata karibu 36. Kwa hiyo katika pengo la dola 14.60, kama dola 7 ni kosa la kuhesabu wateja. Zinazobaki ndizo za kubishania: mapipa mapya kwa kila nyumba, uzoaji wa vitu vikubwa kama magodoro, mpango wa kuzoa pipa la bluu la vitu vya kurejelezwa kila wiki badala ya wiki mbili mbili, pamoja na mfumuko wa bei wa miaka ile.

Jambo la pipa la kijani la mabaki ya chakula na majani si hiari ya jiji. Sheria ya jimbo, SB 1383 ya 2016, iliyoanza kubana mwaka 2022, inazitaka serikali za mitaa zitenganishe taka hizo. Hiyo gharama ingekuja hata bila Measure B, ila ingejificha ndani ya mfuko mkuu.

Kwa hiyo sioni udanganyifu. Naona daftari la wateja ambalo halikuhakikiwa kabla ya kura, na huduma mpya zilizopachikwa baada ya kura. Kosa la pili ni zito kuliko la kwanza. Hesabu mbaya inaweza kumpata yeyote, lakini kuongeza huduma baada ya watu kukubali bei ya huduma ya zamani ni uamuzi wa mtu.

Jirani wa Kiwanja cha Pili

Hapo pa "baada ya kura" ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanadhani Measure B ndiyo iliyoweka ada. Haikuweka. Iliondoa katazo tu. Ndiyo maana ilihitaji wingi wa kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura: sheria iliyopitishwa na wananchi hurekebishwa na wananchi, na kwa kuwa haikuwa kodi, haikuhitaji theluthi mbili.

Bei yenyewe inaongozwa na Proposition 218, iliyopitishwa na wapiga kura wa California Novemba 1996 na kuingizwa kwenye katiba ya jimbo. Kwa ada inayofungamana na umiliki wa mali, hatua ni hizi. Jiji linakokotoa gharama. Linatuma tangazo kwa posta kwa kila mwenye kiwanja kinachohusika, likitaja kiasi, msingi wa hesabu, sababu, na tarehe ya kikao cha hadhara. Kikao hakiruhusiwi kufanyika kabla ya siku 45 kupita tangu tangazo kutumwa. Barua za kupinga zikizidi nusu ya viwanja, ada imekufa. Zisipozidi, baraza linaruhusiwa kupiga kura yake.

Kwa ada nyingine ingebidi baada ya hapo wenye mali wapige kura kwa wingi wa kawaida, au wapiga kura wa eneo kwa theluthi mbili. Lakini maji, majitaka na taka vimesamehewa hatua hiyo ya mwisho. Msamaha huo uko ndani ya katiba. Jiji halikuubuni.

Mwanzisha mada

Umenisaidia kuliko ulivyokusudia. Maana yake ni kwamba asiyefungua bahasha anahesabiwa amekubali. Kwa viwanja vyote vile ilihitajika barua zaidi ya 110,000, zenye sahihi, ndani ya mwezi mmoja na nusu. Zilizopatikana hazikufika hata nusu ya hizo. Niambie ni kura gani nyingine duniani ambayo aliyelala anahesabiwa upande wa serikali.

Jirani wa Kiwanja cha Pili

Ni ngumu, sipingi. Ila barua nyingi hupotea kwa makosa madogo, na hayo yanaepukika. Barua isipotaja anwani au namba ya kiwanja haiwezi kulinganishwa na daftari, inatupwa. Kiwanja kimoja ni pingamizi moja, hata kama mume na mke wameandika kila mmoja yake. Maneno ya mdomoni kwenye kikao hayahesabiwi kuwa pingamizi; lazima maandishi. Zinazofika baada ya kikao kufungwa zimechelewa, hata kama muhuri wa posta ni wa juzi. Barua pepe hukubaliwa pale tu tangazo linaposema hivyo. Na mpangaji anayewajibika moja kwa moja kulipa ada ana haki ya kupinga, jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui. Hapa ada inaingia kwenye bili ya mwenye nyumba, hivyo wapangaji wengi hawamo.

Tena kuna mlango wa nyuma ambao wapinzani huusahau. Proposition 218 hiyohiyo inawapa wananchi haki ya kupunguza au kufuta ada kwa pendekezo la wananchi, na kizingiti cha saini hakiruhusiwi kuzidi kile cha mapendekezo ya sheria ya jimbo zima, yaani asilimia 5 ya kura za ugavana zilizopita. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya California ilithibitisha kwamba haki hiyo inahusu hata ada ya maji.

Mizani

Na wakiifuta? Magari ya taka hayatasimama. Gharama itarudi mfuko mkuu, ambao ndio unaolipa zimamoto, maktaba na viraka vya barabara. Wanaokusanya saini waandike na hilo kwenye karatasi, la maktaba ipi ifungwe.

Mpangaji wa Ghorofa ya Tatu

Mizani, nilikuwa nakuunga mkono hadi hapo. Ile hoja yako ya haki kwa mpangaji ina tundu. Ada inaupunguzia mfuko mkuu mzigo wa makumi ya mamilioni ya dola. Proposition 218 inabana fedha ya ada: isizidi gharama ya huduma, isitumike kwa jambo jingine, na kila kiwanja kibebe mzigo unaolingana na huduma yake. Lakini haibani chochote kuhusu fedha iliyookolewa kwenye mfuko mkuu. Mpangaji hakupunguziwa hata senti, na kampuni binafsi ya ghorofani bado inamtoza kupitia pango. Kama lengo lilikuwa yeye, mbona hakuna mstari wa bajeti unaomtaja?

Mizani

Hapo umenibana kidogo. Bado naona kuondoa upendeleo ni hatua hata kama fidia haikufuata. Ila ndiyo, walioipigia debe kwa jina la wapangaji wanadaiwa maelezo ya hizo fedha.

Dada Hesabu

Mambo ya vitendo kwa wenye nyumba, kwa sababu maswali ni mengi kuliko hoja.

Ada iko kwenye bili ya kodi ya majengo ya kaunti, kwenye mistari ya tozo maalumu, si kwenye ile asilimia 1 ya thamani. Inagawanywa mara mbili; mwaka wa kwanza ilikuwa 261.60 kila awamu kwa kifurushi cha juu. Awamu ya kwanza inaiva Novemba 1 na inakuwa deni la kuchelewa baada ya Desemba 10. Ya pili Februari 1, mwisho Aprili 10. Ukichelewa ni faini ya asilimia 10. Deni la bili hiyo likikaa miaka mitano kwenye nyumba ya kuishi, kaunti ina mamlaka ya kuiuza. Ndiyo, taka zinaweza kuchangia kupeleka nyumba mnadani, ndiyo maana miji inapenda njia hii: ukusanyaji unakaribia asilimia 100.

Kama benki ndiyo inayokuchangisha kodi na bima kila mwezi, usishangae rejesho la mkopo wa nyumba likipanda kwa zaidi ya ada yenyewe ya mwezi. Benki hulipa bili kwanza, kisha inapofanya hesabu ya mwaka inakuta upungufu. Inakutoza upungufu wa nyuma na kiwango kipya kwa pamoja. Ukiweza, lipa upungufu kwa mkupuo, rejesho litashuka.

Kwenye ritani ya kodi ya mapato ya serikali kuu, usijumlishe bili nzima kama kodi ya mali. Ada ya huduma maalumu haipunguzwi kwa nyumba unayoishi, hata kama imechapwa kwenye bili moja. Kwa nyumba ya kupangisha ni gharama ya biashara, hiyo inapunguzwa.

Na angalia mapipa yako. Kama nyumba ya wazee wawili haijazi pipa la galoni 95, liko la 65 na la 35, na kifurushi chake ni nafuu zaidi.

Sinza Kwetu

Nawasoma kutoka Dar. Sisi kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa mijini, 2023 ikawa 1,500 na 7,500. Hakuna bahasha, hakuna siku 45. Mpangaji ndiye anayenunua umeme, kwa hiyo ndiye anayekatwa, kisha aanze kudai mwenye nyumba. Kwetu ingekuwa maajabu mtu kutumiwa barua ya "pinga ukitaka".

Swali langu: ninyi mmechagua ada ya kiwango kimoja, na sisi pia. Nyumba ya thamani kubwa na kibanda wanalipa sawa. Kwa nini isitozwe kwa thamani?

Jirani wa Kiwanja cha Pili

Ndugu, haiwezekani. Proposition 13 ya Juni 1978 iliweka ukomo wa asilimia 1 ya thamani, na thamani ya kutozea isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi nyumba iuzwe. Juu ya hapo, kinachoruhusiwa kutozwa kwa thamani ni malipo ya hatifungani zilizopigiwa kura. Kila kitu kingine, shule, maktaba, taka, hulazimika kuwa kiwango kwa kiwanja au kwa huduma. Hata punguzo la maskini ni mtihani: huwezi kumtoza tajiri zaidi ili umfidie maskini, kwani hiyo ni kuvuka gharama ya huduma yake. Mwaka 2015 mji wa San Juan Capistrano ulishindwa mahakamani kwa viwango vya maji vya ngazi ngazi, yaani anayetumia zaidi anatozwa bei ya juu zaidi, kwa kuwa haukuonyesha gharama halisi ya kila ngazi. Msaada wa kipato cha chini lazima utoke kwenye fedha nyingine.

Mwanzisha mada

Basi nitaje mfano mmoja kwa wanaosema makadirio kwenye karatasi ya kura hayana uzito. Oakland, 2018, Measure AA: kodi ya dola 198 kwa nyumba ya familia moja, kwa ajili ya elimu. Nyaraka za kura ziliwaambia wananchi inahitaji theluthi mbili. Ikapata takriban asilimia 62. Jiji likatangaza imepita, kwa hoja kwamba ilitokana na pendekezo la wananchi, hivyo wingi wa kawaida unatosha. Mahakama ya rufaa mwaka 2021 ikaipa ushindi. Kisheria sawa. Lakini aliyebaki nyumbani akijua asilimia 34 zinatosha kuizuia, alipewa maelezo gani?

Ninachopendekeza ni kitu kidogo: hoja yoyote inayoruhusu ada iandikwe na ukomo ndani yake. "Isizidi dola 29 hadi mwaka fulani, zaidi ya hapo mrudi kwetu." Miji mingi huandika ukomo kwenye kodi zao, hakuna kinachozuia kuandika kwenye ada.

Dada Hesabu

Ukomo mgumu wa 29 ungemaanisha ama huduma ipungue ama mfuko mkuu ufidie, kwa sababu hesabu ya wateja ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Afadhali ukomo ufungwe kwenye huduma: pipa tatu, ratiba ileile, gharama halisi. Jiji likitaka kuongeza chochote, liulize.

Mpangaji wa Ghorofa ya Tatu

Na uchambuzi wa gharama ufanywe kabla ya kura. Ulifanyika baada, kwa sababu fedha ya kuufanya ilitegemea kura ipite. Hilo nalo litafutiwe bajeti mapema, la sivyo mwakani tutakuwa hapahapa kwenye ada nyingine.