Kwa nini Isabel Archer alirudi Roma?

Msomaji_Usiku

Ndugu wanajamvi, naomba msaada wa wale walioisoma riwaya ya Henry James, The Portrait of a Lady, iliyotoka kama kitabu mwaka 1881. Nimeifikisha mwisho, na mwisho wenyewe umenikera. Isabel Archer, binti wa Albany katika jimbo la New York, aliyepelekwa Uingereza na jamaa yake Bi. Touchett, anaposwa na Lord Warburton, mtu mwenye cheo, ardhi na tabia njema, anakataa. Anaposwa na Caspar Goodwood, mwenye kiwanda cha pamba huko Massachusetts, anakataa pia. Kisha anamkubali Gilbert Osmond, Mmarekani anayeishi Florence bila kazi wala mali ya maana, mwenye binti mmoja na vitu vya kale alivyovikusanya. Hapo nilivumilia, maana ukipenda, chongo utaita kengeza. Lakini baadaye anagundua kwamba ndoa hiyo ilisukwa na Madame Merle, aliyekuwa hawara wa Osmond na ndiye mama halisi wa yule binti. Anamkaidi mumewe, anasafiri hadi Uingereza kumwona binamu yake Ralph kabla hajafa, na baada ya mazishi anarudi Roma, walikokuwa wakiishi baada ya ndoa, kwa mume yuleyule. Kwa nini?

Pili, nakala yangu inaishia pale Goodwood anapoinua macho kumtazama Henrietta, rafiki wa Isabel, ilhali ya mwenzangu ina sentensi nyingine baada ya hapo. Ipi ndiyo ya mwandishi?

Bibi_wa_Maktaba

Mleta mada, nianze na la pili kwa kuwa ni jepesi: zote mbili ni za mwandishi. Yako inafuata maandishi ya 1881. James aliipitia riwaya hii upya kwa ajili ya mkusanyo wa kazi zake uliochapishwa New York, na toleo hilo la 1908 ndilo lililoongeza maneno unayoyaona kwa mwenzako. Ukisoma la kwanza unaweza kudhani kwamba Henrietta, anapomwambia Goodwood asubiri, anamwahidi kwamba Isabel atamrudia siku moja. Nyongeza inaufunga mlango huo: Goodwood anatambua kwamba anafarijiwa tu kwa kuwa bado ni kijana, na faraja hiyo inamwongezea umri wa miaka 30 palepale.

Kuhusu swali lako kubwa, nadhani wengi hulitafutia jibu katika sura ya 55, ile ya mwisho, ilhali lilianza kuandaliwa mapema zaidi. Bila shaka uliona kwamba harusi haisimuliwi. Tunaruka miaka kadhaa, na hata kifo cha mtoto mchanga wa Isabel tunakisikia kwa kupitia tu. Kisha katika sura ya 40 Isabel anaingia chumbani na kumkuta Osmond ameketi huku Madame Merle amesimama. Ni hilo tu, lakini mwanamume wa adabu za wakati ule asingeketi mbele ya mwanamke aliyesimama isipokuwa wamezoeana sana. Sura ya 42 anakesha peke yake mbele ya moto hadi baada ya saa kumi za usiku, mishumaa ikimalizika, akiipitia ndoa yake tangu mwanzo. Hakuna tendo lolote katika sura hiyo, na James mwenyewe aliiita sehemu bora ya kitabu. Isome tena polepole. Utaona kwamba Isabel hajioni kuwa ametekwa na mtu, anajiona amechagua.

Mzizima

Kwa heshima zote, Bibi, mimi naona tunampamba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ralph alimwambia waziwazi katika bustani ya Florence kwamba anakwenda kutiwa ndani ya kizimba kama ndege, naye akajibu kwamba kizimba chake anakipenda. Bi. Touchett alimwonya, Goodwood akasafiri kutoka Marekani kumzuia. Anachokiogopa mwishoni ni kuonekana amekosea mbele ya watu waliomwambia atakosea. Kurudi kwake Roma ni kiburi kilekile kilichomwoza.

Kalamu_ya_Ziwani

Ndugu Mzizima, methali yako ingefaa kama wakuu hao wangekuwa na mikono safi. Ni nani aliyemfanya Isabel awe windo? Ni Ralph, aliyemshawishi baba yake, mzee Touchett wa benki, ampunguzie yeye urithi na kumwachia Isabel pauni 70,000, kwa nia njema kabisa ya kumwona akiishi atakavyo. Bila fedha hizo Madame Merle asingejisumbua kumpeleka kwa Osmond. Sura ya 42 inasema jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: utajiri ule ulimwelemea Isabel, naye akaona hakuna njia bora ya kuutua mzigo kuliko kuukabidhi kwa mtu mwenye ladha nzuri kuliko wote aliowajua. Alidhani anatoa. Osmond, kwa upande wake, alivutiwa zaidi aliposikia kwamba msichana huyu amemkataa lodi mzima, kwa kuwa kitu kilichokosekana kwa mwingine kinapanda thamani katika kabati la mkusanyaji.

Kiburi hakikosi, nakubali. Isabel mwenyewe anamwambia Henrietta kwamba aliolewa mbele ya dunia nzima, akiwa huru kabisa, na kwamba mtu hana budi kuyapokea matendo yake. Ila sidhani hofu ya kuchekwa inatosha kueleza hilo. Angekana kwamba alikuwa huru siku ile, angebakiwa na nini?

Msomaji_Usiku

Shukrani kwa wote. Je, hatuwezi kusema kwa urahisi zaidi kwamba hakuwa na njia? Nimesoma kwamba Italia haikuwa na sheria ya talaka hadi mwaka 1970.

Bibi_wa_Maktaba

Tarehe yako ni sahihi, lakini kitabu chenyewe hakikusaidii hapo. Bi. Touchett ana nyumba yake Florence ilhali mumewe anakaa Uingereza, wanaonana kwa majira, na hakuna anayeshangaa. Isabel hakuhitaji hakimu ili aishi mbali na Osmond. Alihitaji kutopanda treni tu.

Ninachomkumbusha ndugu Mzizima ni Pansy, yule binti wa Osmond. Kabla ya kuondoka Roma, Isabel alipita katika nyumba ya watawa ambako baba mtu alikuwa amemrudisha binti huyo ili kumtia adabu. Pansy akamwuliza kama atarudi, naye akasema atarudi. Ahadi hiyo ilitolewa baada ya Isabel kumjua mama wa mtoto, si kabla.

Mzizima

Ahadi naikumbuka, Bibi, lakini katika kurasa za mwisho, Goodwood anapombusu gizani na yeye kukimbia kuelekea nyumbani, Pansy hatajwi kabisa. Isabel anaona njia moja iliyonyooka, basi. Mwandishi aliyejaza sura nzima kwa mawazo ya usiku mmoja angeweza kutuwekea jina la mtoto huyo pale kama ndilo lililokuwa likimvuta. Hajaliweka katika toleo la 1881, wala alipopata nafasi ya kulipitia upya.