Naomba ushauri: vizazi viwili vya nyota vinatembea sawa kwenye mchoro wangu

Mkazi wa Njiro: Ndugu wanajukwaa, naandika tasnifu ya uzamili hapa Arusha kuhusu 47 Tucanae, kishada cha nyota kilichojikusanya kama mpira, umbali wa takriban miaka ya nuru 15,000. Nilikipenda tangu nilipokiona kwa macho mwezi Mei, saa mbili usiku, nimekaa barazani. Nimezitenganisha nyota zake kwa rangi: kizazi cha kwanza, na cha pili chenye heli, nitrojeni na sodiamu nyingi zaidi. Machapisho yanasema nyota za kizazi cha pili hupita zaidi njia ndefu za kutoka kitovuni na kurudi, ilhali za kwanza huenda sawasawa pande zote. Kwangu zote zinatembea sawa. Nimekosea wapi?

Mwalimu Mstaafu, Moshi: Sisi tulifundishwa, nami nikafundisha miaka mingi, kwamba nyota zote za kishada kimoja zilizaliwa pamoja kutoka wingu moja. Leo nasikia kuna vizazi. Kijana, soma kwa subira.

Binti Sakina: Hujasema umechukua nyota za sehemu gani ya kishada.

Mkazi wa Njiro: Za katikati, zilizopimwa kwa darubini ya Hubble, maana ndiko ziliko nyingi.

Binti Sakina: Basi ndiyo sababu. Katikati nyota zimebanana, na kwa mabilioni ya miaka zimevutana na kupindana njia hadi alama ya zilikotoka imefutika. Pembezoni mchanganyiko huo huenda polepole, na huko ndiko tofauti ilikopimwa katika 47 Tucanae, kwa Hubble mwaka 2013, kisha kwa Gaia, chombo cha angani kinachopima mahali na mwendo wa nyota, mwaka 2018.

Kibosho Juu: Ni kama mlangoni mwa kanisa letu Jumapili. Wanaotoka ibada ya kwanza na wanaoingia ya pili wanasukumana, hujui nani ni nani. Ukisimama barabarani, utawatambua wanaotoka kwa jinsi walivyoshika njia ya supu.

Mkazi wa Njiro: Nashukuru. Ila muhtasari nilishampelekea msimamizi wiki iliyopita, nikaandika kwamba tofauti nimeiona. Sidhani kama ni uongo, kwa kuwa ipo kweli na wengine wameshaipima.

Binti Sakina: Wameipima wao.

Mchungulia Anga: Mimi naona kisa hiki kimetungwa. Mwezi Mei saa mbili usiku, 47 Tucanae haijachomoza hapa Arusha. Jioni tunaipata miezi ya mwisho wa mwaka, chini upande wa kusini. Mtu aandike tasnifu nzima asilijue hilo?

Mkazi wa Njiro: Sijatunga, ndugu yangu. Basi ile ya barazani itakuwa Omega Centauri, kishada kingine cha namna hiyo. Niliyekuwa naye ndiye aliyenitajia jina, nikaliamini.

Mchungulia Anga: Na faili unalolifanyia kazi ni la kipi? Omega Centauri ina makundi mengi ya nyota. Ukiligawa mara mbili tu kwa rangi, mchoro wako hauna maana hata pembezoni.

Mkazi wa Njiro: Nimelifungua sasa hivi kwa mikono inayotetemeka, ni la 47 Tucanae. Msimamizi nitamwandikia kesho asubuhi, huenda hajausoma muhtasari. Dada Binti Sakina, naomba unielekeze namna ya kuzichambua nyota za pembezoni katika takwimu za Gaia.