Wameosha lebo za jagi la mama mkwe, sasa wanasema historia yake haijulikani!

Jamani, naandika nikiwa na hasira mpaka mikono inatetemeka. Kama unataka kupeleka chombo cha kale kwa madalali wa mnada hapa Uingereza, soma kwanza.

Mama mkwe, Mungu amrehemu, aliniachia jagi la kaure la bluu na nyeupe. Mwili wake umefinyangwa kama majani ya kabeji, na chini ya mdomo kuna uso wa mzee mwenye ndevu. Kitakoni lilikuwa na lebo mbili: moja ya duara yenye namba ya wino uliopauka, nyingine kipande kilichokatwa kwenye katalogi ya mnada wa zamani. Nikawapa madalali wa mnada wanitafutie lilipitia mikononi mwa nani.

Wiki iliyopita nimekwenda kulichukua, nakuta linang'aa. Wameliloweka kwenye maji ya moto! "Tulilisafisha tu." Lebo zimekwenda na maji, hakuna aliyezipiga hata picha. Limebaki duara la gundi, rangi ya chai.

Eti alama ya hilali ya bluu iliyochorwa kitakoni inatosha, ni kazi ya kiwanda cha Worcester. Inatosha nini? Kiwanda cha Worcester kilianza 1751 na hilali waliichora, sikatai. Ila kiwanda kingine, Lowestoft, waliiiga. Kiwanda cha Caughley nao waliweka C ya bluu, ukiitazama haraka unaona hilali, na majagi ya uso huohuo waliyatengeneza. Hapo sijamtaja Samson wa Paris, ambaye karne ya 19 alinakili kaure za kila kiwanda chenye jina. Mimi mwenyewe nimelimulika kwa tochi, mwanga uliopenya kaure nikauona una ukijani, kama ilivyo kawaida ya Worcester. Caughley mara nyingi huelekea rangi ya chungwa. Basi, hilo linagusa lilikotengenezwa. Waliolimiliki walikuwa kwenye zile karatasi!

Na kwenye fomu wameandika: historia haijulikani. Haijulikani vipi wakati mmeimwaga wenyewe kwenye sinki? Na ankara ya "utafiti" wamenipa!

Bahati nzuri stakabadhi ya siku ya kulipokea ninayo, wameandika wenyewe: jagi moja, lebo mbili kitakoni. Aliyewahi kudai fidia kwa watu wa mnada anieleze alianzia wapi. Jumatatu asubuhi niko mlangoni kwao.