Daraja la kwanza na chakula cha ndani: SGR ya Dodoma, TAZARA au ile ya Mombasa, nimpandishe mama ipi?

mtoto_wa_Tandika
Wakuu habari za jioni. Mama yangu anatimiza miaka 70 mwezi ujao na zawadi aliyoomba ni moja tu, kupanda treni. Inaenda wapi yeye hajali, anachotaka ni kukaa dirishani aangalie nchi halafu aletewe chakula, kama anavyosema mwenyewe, "kama enzi zile naenda Tabora na baba yako". Hela ya daraja la kwanza ipo, nimeikusanya taratibu. Ishu ni kwamba ana sukari na anachoma insulini, akishachoma lazima ale na ale kitu cha maana. Mwaka juzi nilipanda daraja la kwanza kwenye treni moja (jina naliacha), saa nane mchana mhudumu ananiambia jikoni kumeisha, nikashindia karanga mpaka usiku. Mimi nilivumilia ila mama hawezi.

Naangalia tatu, SGR (reli mpya ya kisasa) Dar–Dodoma, TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) Dar–Mbeya, au tuvuke mpaka tukapande SGR ya Kenya Mombasa–Nairobi. Spidi siulizi. Naulizia chakula na jinsi wanavyomhudumia mtu mzima.

Kibaoni88
SGR ya Dodoma mkuu, usiumize kichwa. Ya umeme, AC, choo kisafi, na ukipanda ya haraka ni masaa matatu na kitu umeshafika. Mama anakunywa chai nyumbani anapanda, mchana anakula Dodoma mezani kwa utulivu. Kuna ile mchongoko, yenye kichwa kilichochongoka, iliyoanza Novemba 2024, na SGR wana mpaka royal class, daraja la kifahari, kaa naye huko umpige picha.

binti_Kilosa
Kibaoni kaka yangu umejibu swali ambalo hajauliza. Mama anataka KULA kwenye treni, wewe unampa mbinu ya kutokula. Mimi SGR naipanda karibu kila mwezi na naipenda sana, imenirahisishia maisha, ila tuseme ukweli, reli ina uzio, vioo havifunguki, kwa hiyo mama ntilie wa kukupitishia kuku dirishani hayupo tena, unakula kile kinachouzwa ndani basi. Vitafunwa, maji, soda, kahawa, ukibahatika kitu cha kupasha moto. Kwa safari ya masaa matatu inatosha kabisa. Ila huyo mama kichwani kwake ana treni ya reli ya kati ile ya usiku na mchana, watu wanashuka Saranda kugombania kuku, halafu kuna behewa la chakula lenye meza. Ukimpeleka royal atasema asante mwanangu, atakaa vizuri, lakini sio alichoomba.

Kibaoni88
Hapo umenishika dada.

mwanaKaloleni
Jameni hamjambo huko. Naongelea hii yetu ya Mombasa. Fasti klasi ni 4,500 na ekonomi 1,500, shilingi za Kenya, hizo bei zilipanda Januari 2024. Fasti mnakaa wawili wawili, ekonomi watatu upande huu wawili ule, kwa hivyo tofauti unaisikia mgongoni na magotini. Lakini hiyo 4,500 ni ya kiti, chakula walipa kivyako, toroli linapita ama unaenda mwenyewe kwa behewa la bufee. Kwa express ni kama masaa matano, na mkipita mbuga ya Tsavo mama aweza kuona ndovu akiwa amekaa tu, hilo ni zuri sana kwa mzee.

Lakini nikwambie kitu. Mimi nilipanda ile ya zamani, ya usiku, kabla haijafungwa 2017. Inatoka Nairobi saa moja jioni, mara unasikia weita amevaa koti jeupe anapita koridoni akigonga kengele, ting ting ting, chakula tayari. Mnaenda kwa behewa la kulia, kitambaa cheupe mezani, supu kwanza, halafu nyama ama kuku, halafu kahawa. Behewa lenyewe lilikuwa limechakaa, feni hazizunguki, na mara nyingi twafika tumechelewa vibaya, lakini mpaka leo naikumbuka ile kengele. Hii mpya ni safi na yafika kwa wakati, ila hakuna mtu atakuja kukugongea kengele.

Mzee_wa_Behewa
Wanangu hamjambo. Mimi nimefanya kazi behewa la chakula miaka 19 kwenye reli moja hapa nchini, nimestaafu, naomba niseme kidogo.

Huduma ya treni inaanzia kwenye tangi la maji. Maji na vyakula vinapakiwa mwanzo wa safari kwa hesabu ya ratiba, treni ikichelewa masaa kumi wale abiria watakula milo miwili ambayo haikuwa kwenye hesabu. Ndio maana mwenye uzi uliambiwa kumeisha. Mpishi hakuwa mvivu, kilichopakiwa ndicho kilichoisha. Siku ya kwanza utapata kuku, samaki, nyama, chagua upendavyo, siku ya pili inabaki wali maharage na ugali nyama, ikizidi hapo unaletewa chai na mkate. Kwa hiyo mtu mwenye sukari oda yake aiweke mapema, asisubiri njaa. Treni ikishaondoka tu mwite mhudumu chumbani mwambie mama huyu ana sukari, anakula saa moja jioni na saa moja asubuhi, andika. Sisi tulikuwa tunawawekea watu kama hao sahani zao pembeni na hatukuwahi kuzisahau, ilikuwa ni aibu kwetu mgonjwa kulala njaa.

TAZARA daraja la kwanza ni chumba cha vitanda vinne, la pili vitanda sita. Unapewa shuka na blanketi, oda unachukuliwa hapo hapo chumbani ukitaka, au unakwenda behewa la chakula. Kwa aliyoyasema huyo mama, treni yake ni hiyo.

mtoto_wa_Tandika
Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili. Sasa ikichelewa masaa hayo kumi na mimi niko na mama katikati ya pori?

Mzee_wa_Behewa
Marahaba. Swali zuri. Beba akiba ya siku nzima, mayai ya kuchemsha ya kula siku ile ile, ndizi, karanga, na juisi au glukosi kwa ajili ya sukari kushuka. Insulini iwe kwenye kibegi cha baridi mkononi mwako, friji ya jikoni usiitegemee. Stesheni kama Ifakara na Mlimba watu wanauza ndizi na chakula dirishani, ila kwake chagua kilicho cha moto. Na kabla ya kulipa kokote nenda stesheni uulize hiyo treni inaondoka lini kweli, maana ratiba ya abiria huwa inabadilika.

mama_Denver
Nisaidie na mimi kidogo kutoka huku Marekani. Nilipanda California Zephyr, treni ya Amtrak, shirika la treni za abiria la huku, kutoka Chicago, inakwenda mpaka Emeryville, siku mbili na kitu. Huku ukilipia chumba cha kulala chakula kimo ndani ya nauli, milo yote mitatu, unakaa kwenye behewa la chakula meza moja na watu usiowajua. Bei ya chumba ni kubwa sana sikatai. Lakini nilichojifunza ni kwamba chakula kikiwa ndani ya tiketi shirika linajua mapema watu wangapi watakula, na wewe huna wasiwasi wa kuambiwa kumeisha. Natamani sana treni zetu za mbali zifanye hivyo, hata kwa daraja la kwanza peke yake, uzee wa wazazi wetu unastahili uhakika huo.

binti_Kilosa
Hilo dada umelisema vizuri mno. Hata wakiongeza elfu kumi kwenye nauli mimi nalipa.

Tandika kuna kitu hawajakwambia, TAZARA wanaume na wanawake hawachanganywi chumba kimoja mpaka mnunue vitanda vyote vinne. Ukikata viwili mama atalala na wageni na wewe uko chumba kingine, nani atamchoma?

mtoto_wa_Tandika
Aisee hilo nisingelijua kabisa. Basi nakata vinne, mimi, mama, dada yangu na mwanae wa darasa la tatu. Tunaenda Mbeya na TAZARA, tukirudi tunapanda ndege pale Songwe asichoke. SGR nitampeleka Dodoma Desemba tukiwa tumeshashiba nyumbani kama Kibaoni alivyosema. Nimempigia muda huu, swali lake la kwanza ni kama bado wanapika supu asubuhi. Mzee nimjibu nini?

Mzee_wa_Behewa
Mwambie aulize jioni ile ile anapoagiza chakula cha usiku, ikiwepo awekewe bakuli lake. Na abebe sweta, mkipita Makambako baridi ya kule sio ya Tandika.